Pipa la Pangaboi Kisimani Mtawanya

Jumanne, 9 Januari 1973

Mtungi umejaa. Daftari za darasa la sita nimesahihisha nusu. Miguu imevimba. Maharage yamegoma kuiva tangu saa nne.

Bi Somoe kaja asubuhi na ndoo ya maji, kachota kata moja, kanywa yeye kwanza, ndipo akanipa. Kila siku hivyo hivyo. Jirani huyu ni mtu mzima mwenye wajukuu, na ndivyo alivyolelewa kwao upande wa Nanyamba: anayempa mtu maji huonja mwenyewe kwanza, ili anayepokea ajue hakuna kitu ndani. Kwetu Njombe ukifanya hivyo utaambiwa umemtemea mgeni mate. Leo mdomo wake ulikuwa na tambuu. Nimekunywa. Nina mimba ya miezi mitano na huyu mama ndiye anayenichotea. Sina uso wa kuchagua.

Mimba mbili za kwanza zilitoka. Hii sitaki kuiandika sana.

Jumamosi, 13 Januari

Mvua ya jana imebomoa kisima chetu. Mchanga wa huku haushikani, ukichimba tu unamwagika. Kwa hiyo watu wa mtaa huu wa Mtawanya hukata mapipa juu na chini, wakayashusha shimoni moja juu ya jingine, yakawa ukuta. La chini kabisa ndilo huoza kwanza. Leo wanaume wamechimba upya, na Mzee Dadi, balozi wetu wa nyumba kumi, akauliza nani ana pipa zito la kukaa chini.

Mume wangu akanyoosha mkono. Lile la njano! Festo anaendesha winchi bandarini. Watu waliokuwa wakipima miamba pwani huku waliliacha nyuma ya ghala walipoondoka, akaliomba, akapewa. Nimelitolea macho tangu Novemba niwekee unga. Bati nene, rangi nzuri, na pembeni picha ya pangaboi: mapanga matatu meusi kuzunguka kitone. Watoto wanaliita pipa la pangaboi.

Sasa liko chini ya maji. Nilinuna. Halafu nikaona Festo anakalishwa mkekani katikati ya wazee, anawekewa kichwa cha samaki, na Mzee Dadi anamwita "shemeji yetu wa Njombe", nikaacha kununa. Mwaka wa pili tuko hapa, na leo ndiyo mara ya kwanza tumekuwa wa hapa. Nimemshukuru Mungu hata kwa pipa.

Limenibakia bamba la juu walilolikata. Nimefunikia mtungi. Linazidi mdomo, lakini mjusi hataingia tena.

Jumatatu, 22 Januari

Maji yametulia. Meupe, baridi, hayana ladha ya kutu kama zamani. Wanawake wanasema ni kwa ajili ya pipa letu. Festo anatembea kifua mbele hadi anachosha.

Leo kitu kimecheza tumboni wakati nafundisha uchavushaji. Chaki ikaanguka.

Jumanne, 6 Februari

Kliniki hospitalini. Foleni mpaka mlangoni mwa chumba cha eksirei.

Kwenye mlango huo kuna karatasi ya njano. Pangaboi. Mapanga matatu meusi, kitone katikati. Chini yake: MAMA WAJAWAZITO WASIINGIE.

Nilimuuliza muuguzi. Alisema ni alama ya mionzi. Haionekani, hainuki, haina ladha, inapita mwilini, na kwa mtoto aliye tumboni si nzuri. Akaniuliza mbona nimekaa chini sakafuni.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Pipa limekaa uani kwangu miezi miwili, nimeanika juu yake kanga zangu.

Nimemwambia Festo alipotoka kazini. Kwanza alicheka. Ni bati tu, anasema, lilikuwa tupu, hata harufu halikuwa nayo. Nikamwambia ndivyo alivyosema muuguzi, haina harufu. Akatoka uani akasimama pale lilipokuwa pipa. Chakula chake kimepoa.

Ninaogopa. Sina neno jingine.

Jumatano, 7 Februari

Sikuweza kukaa nalo. Festo aliomba tungoje kidogo tuulize kwanza bandarini. Tungoje huku watu wanakunywa? Nilivaa viatu nikaenda peke yangu kwa Mzee Dadi, Festo akanifuata nyuma hatua chache, kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Mzee Dadi alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja: "Ikiingia majini inakuwaje?" Nikasema sijui. Nimeona haya kusema sijui. Hakunilaumu. Aliita vijana wakaweka matawi ya mkorosho mdomoni mwa kisima, akapita nyumba kwa nyumba mwenyewe.

Kumwambia Bi Somoe ndiko kulikonishinda. Amenichotea maji hayo kila asubuhi. Akasema, "Basi mimi n'shakunywa zaidi yako, mwanangu. Naonja kwanza." Akacheka. Mimi nikalia.

Jumamosi, 10 Februari

Maneno yamekuwa mengi kuliko mvua. Wengine wanasema pipa limetoka ng'ambo ya Ruvuma, ni Mreno anataka kutumaliza kimya kimya baada ya mabomu aliyotupa mpakani. Wengine wanasema maji yanawaka gizani. Mama mmoja kamwaga hata maji ya udhu. Salumu muuza samaki kasema sokoni kwamba Mkristo wa bandarini kaweka sumu kisimani mwa Waislamu.

Festo kasikia. Karudi na kikapu kitupu.

Jioni Mzee Dadi alimwita Salumu uani kwake mbele ya watu. Bi Somoe kanisimulia. Mzee alisema: "Shimo nilichimba mimi. Pipa ulilishusha wewe, kamba ulishika wewe. Kama ni sumu, tumeiweka wote." Salumu akainamisha kichwa. Hayakuisha maneno, lakini yamepungua sauti.

Mungu ampe mzee yule umri. Nimeandika hili nisije nikasahau nikiwa na hasira.

Jumatatu, 12 Februari

Nilifungua mlango nikakuta ndoo mbili za maji kizingitini. Za bomba la Rahaleo, kule mjini. Ni mwendo mrefu kwenda, na kurudi na ndoo kichwani ni mrefu zaidi, na bomba lenyewe hutoa maji linapopenda. Sikuulizwa wala sikuomba.

Nilidhani ni Bi Somoe. Akasema yeye kaleta moja. Nyingine ya mke wa Salumu.

Nilikaa na ndoo ile. Sikujua niifanyeje. Nikapikia uji, nikanywa, nikamshukuru moyoni mwanamke ambaye hata jina lake silijui vizuri.

Bi Somoe aliionja kabla yangu. Maji ya bomba la serikali, na yeye anayaonja.

Jumatatu, 19 Februari

Hasira leo. Si watu wote wanaweza kwenda Rahaleo. Wazee, wenye watoto wachanga, wagonjwa. Wanateka dimbwi la bondeni, ng'ombe wanapokojoa. Nimewaambia wayachemshe. Kuni zimelowa, nani atachemsha?

Watoto wanaharisha. Darasani madawati yana mapengo. Hadija, mjukuu wa Bi Somoe, macho yameingia ndani. Tumempeleka hospitali kwenye baiskeli ya Festo, yeye akisukuma, bibi akimshika, mimi nyuma nikihema.

Nimejiuliza njia nzima: kama ningenyamaza, mtoto huyu angekuwa anacheza rede. Hofu niliyoileta mimi imempeleka dimbwini. Na kama kisima kina sumu kweli? Basi nilifanya sawa. Sijui. Nachukia kutojua kuliko ninavyochukia kuogopa.

Ijumaa, 23 Februari

Hadija karudi. Kala uji wa muhogo bakuli zima, akaomba tena. Alhamdulillahi, nimesema mimi Mlutheri, na Bi Somoe kanijibu amina.

Alhamisi, 1 Machi

Mzee Dadi huenda ofisi ya maji mjini kila siku ya kazi. Anavaa kanzu safi, anakaa kwenye benchi la barazani, hasemi kitu. Wakimwambia arudi wiki ijayo anaitikia, halafu kesho yake yupo. Makarani wameanza kumletea chai. Bwana mkubwa wa pale kachoka kumpita mlangoni, kapiga simu Dar es Salaam. Atakuja mtaalamu.

Festo hali vizuri. Haendi tena kukaa na wenzake wakicheza bao. Hatugombani, jambo ambalo ni baya kuliko kama tungegombana. Leo nimemwambia: ulitoa kitu chako kizuri kuliko vyote ulivyokuwa navyo. Hata mimi nilikitolea macho niwekee unga. Alitabasamu kidogo.

Tumbo kubwa. Mtoto anapiga teke, kisha ananyamaza, na akinyamaza nahesabu pumzi zangu mimi.

Jumanne, 13 Machi

Mtaalamu kaja na Landrova. Kijana mwembamba, miwani, viatu vya mjini vilivyojaa mchanga mara moja. Mtaa mzima ulimzunguka mpaka Mzee Dadi akapiga kelele.

Ana kisanduku kinacholia. Tik. Tik tik. Alipokiwasha tu, hata kisima hajakisogelea, kikalia, na watu wakarudi nyuma wakikanyagana. Akatungoja tutulie. Akasema kitalia hivyo popote, uwanjani, barabarani, ufukweni, kwa sababu ardhi yenyewe ina kidogo, tangu Mungu aiumbe. Tusikilize ikiwa kitaongeza kasi.

Akafunga kamba, akateremsha kifaa ndani ya mapipa. Hata kuku walinyamaza, au mimi ndiye sikuwasikia. Tik. Tik. Tik tik. Vile vile kama uwanjani. Akakishusha mpaka karibu na maji. Vile vile. Akarudia. Kisha akajaza chupa za maji ya kupima Dar, akasema pipa anadhani lilibeba vifaa vya wapimaji vikiwa vimefungwa ndani ya madini ya risasi, na ndani yake hakukuvuja kitu.

Watu wakapumua. Festo akakaa chini juu ya mchanga, hivi hivi, na suruali yake ya kazi.

Nami nikakumbuka bamba; kwa kuhangaikia kisima nilikuwa sijalifikiria hata siku moja.

Nilimpeleka nyumbani. Bamba lilikuwa juu ya mtungi wangu wa kunywa, mahali lilipokaa tangu Januari. Alisogeza kisanduku. Katikati, tik, tik. Kwenye ukingo, pale gundi ya mfuniko ilipogandia, tikitikitiki. Bi Somoe alinishika kiuno.

Alipima, akapima tena, akapima mtungi na maji ya mtungi. Mtungi safi. Maji safi. Ni ukingo tu, anasema, kitu kilichojipaka pale. Kidogo sana.

Nikamuuliza, kidogo kiasi gani?

Alivua miwani akaifuta. Nadhani angeweza kunitajia namba nikanyamaza. Alisema: "Mwalimu, ingekuwa bora usingekuwa nalo. Lakini lingekuwa la mke wangu, na yeye yuko kama wewe, ningelitoa nyumbani, kisha ningemwambia alale usingizi." Akalifunga bamba ndani ya mfuko mzito, akaliweka nyuma ya gari, akaondoka nalo.

Nimeshukuru kwamba hakunidanganya. Usingizi ni habari nyingine.

Jumatano, 14 Machi

Nimeusugua mtungi kwa mchanga na majivu ingawa alisema ni safi. Nikauvunja. Kisha nikajuta, ulikuwa mtungi mzuri.

Watu wana furaha na mimi nina neno "kidogo" kama mchanga kwenye ugali.

Jumatano, 28 Machi

Bi Somoe kaleta mtungi mpya. Kaufinyanga dada yake. Hakusema nimeuvunja kwa upumbavu. Kausuuza, kaujaza maji ya Rahaleo, kachota, kaonja, kanipa.

Nimemuuliza haogopi? Kanywa maji yale kabla yangu kila siku. Kasema aliogopa sana, siku ile nilipomwambia. Alikwenda nyuma ya nyumba akajaribu kutapika. "Lakini wewe ulikuwa unalia. Tungelia wote nani angepika?"

Alicheka mbele yangu ili nisianguke, na mimi nilidhani hajaelewa. Huyu mama hajasoma, nilijisemea moyoni siku ile. Nilikuwa mjinga mwenye cheti.

Jumapili, 1 Aprili

Jana jioni Mzee Dadi alirudi mjini na jibu. Maji ya zile chupa za mtaalamu yamepimwa: yanafaa kunywa.

Leo baada ya ibada tulikusanyika. Matawi ya mkorosho yakaondolewa. Mzee akatangaza. Hakuna aliyesogea. Wamama wamesimama na ndoo zao, wanaangaliana. Salumu kaangalia viatu vyake. Mimi nilitaka kwenda, miguu ikakataa. Mwalimu wa sayansi, na mtaalamu nimemsikia kwa masikio yangu, na kisanduku nimekisikia, na miguu ikakataa.

Bi Somoe alipenya katikati, akatupa ndoo, akavuta kamba taratibu, akachota kata. Akanywa. Akamaliza yote, si kuonja. Akachota nyingine akageuka kunitazama mimi, katikati ya watu wote, akapiga funda moja, akanipa.

Kama ningekataa wasingekunywa. Niliona hivyo waziwazi. Na mtoto wangu alikuwa tumboni, na neno lile dogo halijaniacha.

Nilikunywa. Maji baridi. Mengine yalimwagika kifuani.

Kisha Festo. Kisha Mzee Dadi. Kisha mke wa Salumu akampokonya mumewe kopo, akanywa, akamrudishia. Watu wakacheka, na ndoo zikaanza kugongana.

Jumanne, 17 Aprili

Maulidi jana. Festo kakaribishwa mkekani, kapewa mnofu. Salumu ndiye aliyempakulia. Karudi nyumbani anapiga mluzi. Sina la kuongeza.

Jumapili, 20 Mei

Msichana. Alfajiri, hospitalini, mvua za mwisho zikinyesha. Kalia kabla hajatoka vizuri.

Nilimwomba muuguzi anifunulie nguo zote nimtazame. Nikamtazama kote. Nyuma ya masikio. Katikati ya vidole. Muuguzi alikuwa yule yule wa siku ile ya mlango wa eksirei. Alingoja bila kuniharakisha.

Mzima. Mzima. Asante, Mungu wangu.

Jumapili, 10 Juni

Festo yuko kanisani. Mtoto kalala. Nimefua nepi, nimeanika. Upepo wa kusini, baridi kidogo.

Bi Somoe kaja kutoka shamba, magoti yanamuuma, kakaa kizingitini akanyoosha miguu. Muhogo kichwani aliutua bila kusema. Umri umemwingia mwaka huu, nimeuona leo. Akaomba maji.

Nilichota kwenye mtungi wa dada yake. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumpa, nikaurudisha. Nikaonja. Funda moja, akiniona. Kisha nikampa.

Alinitazama. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akanirudishia kata nimwongeze.